Mama Kilio wa Musonoie

Kwenye njia ya kwenda msibani Mama Kilio alitembea polepole mno. Aligusa nyua za watu kwa ncha za vidole, akasimama kufunga upya kikwembe chake, kitenge cha kiunoni, akamsalimu kila aliyekaa mlangoni. Nikimwambia tutachelewa, alinijibu kwamba aliyekufa hawezi kuondoka bila sisi. Lakini sahani ikishawekwa mbele yake alikula kwa kasi iliyonitisha, bila kuongea, macho yakiwa barabarani. Chakula cha msiba hukatizwa wakati wowote gari la maiti linapofika, na yeye hakuweza kulia vizuri akiwa na njaa.

Kolwezi msiba tunauita kilio. Watu hukaa siku kadhaa ndani ya lupango, yaani ua wa nyumba, moto ukiwaka, wanawake kwenye mikeka na wanaume kwenye viti vya kuazima. Barabarani hutandazwa matawi mabichi ili madereva wapunguze mwendo na wapita njia wavue kofia. Mama Kilio ndiye aliyeitwa kuongoza sauti. Aliitwa mitaa ya Manika na Kapata, aliitwa hata kambi ya Luilu, mwendo wa saa nzima na zaidi kwa miguu yake iliyovimba. Jina lake jingine sikulijua. Nilimuuliza mara moja, akaniambia nilingoje nitakapolisoma juu ya msalaba.

Mimi nilifika Kolwezi kutoka Tenke, juu ya behewa la mizigo. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Shule nilikuwa nimeiacha darasa la tano kwa sababu nilichoka kukaa sehemu moja, na Tenke niliiacha kwa sababu hiyohiyo. Nilitaka kuona mji mkubwa, mashimo yake makubwa, mitaa yake yote. Sikujua kwamba nimeingia wakati mji wenyewe unabomoka. Kampuni ya shaba ilikuwa inaanguka. Wafanyakazi walikaa vibarazani wamevaa sare za kazi, wakingoja mshahara usiokuja. Wakubwa walikuwa wameanza kusema mikutanoni kwamba shida yote imeletwa na watu wa Kasai, waende kwao. Waliosemwa hivyo wengi walizaliwa hapohapo Kolwezi, na baba zao walizikwa hapohapo. Vijana wakaanza kukaa kwenye njia panda wakiwa na fimbo na mapanga, wakiuliza watu majina.

Jina langu ni Ilunga. Ni jina la watu wa kwetu kaskazini mwa Katanga, na ni jina la watu wa Kasai pia. Kila nilipolitaja niliona mtu ananitazama mara ya pili.

Kwa siku nne za kwanza nilikula mihogo mibichi. Siku ya tano, mtaani Manika, niliona matawi barabarani na moshi nyuma ya nyumba, nikaingia, nikainamisha kichwa, nikapewa bukari na sombe, yaani ugali na kisamvu. Nilikuwa nimeshika tonge la tatu nilipoguswa begani.

"We kijana, unalilia nani?"

Nilimeza. "Marehemu, Mama. Alikuwa rafiki mukubwa ya baba yangu. Bwana muzuri sana."

"Marehemu ni mwanamuke."

Wanawake waliokuwa karibu wakainama kuficha vicheko. Mama Kilio hakucheka. Alikaa chini kando yangu, mwanamke mpana mwenye sauti nzito kama ya mwanamume, akaitazama sahani yangu.

"Kula, imaliza. Lakini ukikula kwa batu, lia. Toka asubuhi sijasikia sauti yako." Kisha akauliza polepole zaidi, "Hapa Kolwezi nani anakujua?"

"Hakuna, Mama."

"Ile ni mubaya. Siku hizi mutu mwenye hajulikane bakimupiga hakuna mwenye atasema muachilie. Kesho kuko kilio Kapata. Kuya na mi. Batu bakuone."

Hivyo ndivyo nilivyoujua mji ule, kwa kufuata waliokufa. Wageni wengine huijua Kolwezi kwa kutafuta kazi, nyumba kwa nyumba. Mimi niliijua mkeka kwa mkeka. Kapata niliona nyumba za kampuni zilizopangwa kama viberiti, za ukubwa mmoja, na maiti ikitolewa dirishani kwa sababu mlango ulikuwa mwembamba kwa jeneza. Luilu nilisikia Waprotestanti wakiimba nyimbo kwa sauti nne bila chozi, na mchungaji akimtazama Mama Kilio kwa wasiwasi asije akaanza. Mitaa ya katikati, palipokaa Wazungu na wakubwa wa kampuni, tulikwenda mara moja tu, kwa mpishi aliyefia kwenye nyumba ya nyuma. Tulilia kwa sauti ya chini ili mbwa wasibweke. Kwa Walunda wazee Mama Kilio alikaa nyuma, akawaachia wao kuanza. Kwa Waluba aliimba majina ya mababu hadi wanaume wazima wakaegemea ukuta.

Kulikuwa pia na nyumba ya wafanyabiashara Waislamu, watu wa mashariki, wenye malori. Baba yao mkubwa alifariki, na Mama Kilio akaitwa na jirani asiyejua desturi. Mzee wa nyumba alimpokea kwa adabu.

"Mama, karibu. Hapa kwetu tunaomba dua tu, hatupigi kelele."

"Ni muzuri, Tata," alisema. "Basi mi nitalilia mu tumbo."

Akajifunika kichwa, akakaa kimya tangu saa tatu hadi mazishi. Njiani kurudi alinishika mkono, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Aliniambia nitembee karibu naye. Ukimya ule, alisema, ulimfanya asikie kila kitu.

Maana mwanamke huyu aliyeishi kwa msiba aliogopa wafu kuliko mtu yeyote niliyemjua. Hakupita karibu na makaburi kama njia nyingine ilikuwapo, hata ikiwa ndefu mara mbili. Tundu la ufunguo la mlango wake aliliziba kwa pamba. Akirudi kutoka kilioni aliviacha viatu nje ya uzio na kuingia pekupeku, na mara mbili viatu hivyo viliibiwa, akanunua vingine na kuviacha palepale. Na macho yake yalikuwa makavu. Sauti yake iliweza kumwangusha mtu, lakini machoni hamkuwa na kitu. Kitambaa alichojifutia kilirudi nyumbani kikavu kama kilivyotoka. Machozi yake halisi niliyaona siku moja, kuku wake mweupe alipoibiwa.

Alipenda utani kwenye kilio, na huo watu walimsamehe. Alimwiga marehemu alivyotembea, alivyokohoa, alivyofunga suruali, mpaka mjane mwenyewe akacheka na kulia pamoja. Lakini nje ya kilio hakucheka. Nyumbani kwake ukisimulia jambo la kuchekesha alikutazama kama umekosa heshima.

Juu ya yote alikuwa na sharti moja ambalo hakulivunja kwa ajili ya tajiri wala maskini. Hakumlilia mtu kabla ya kuiona maiti yake. Nilimshuhudia Luilu, kwa familia iliyopata habari kwamba kijana wao amefia safarini. Watu mia walikuwa tayari, mama mzazi anagaagaa chini, na Mama Kilio amekaa amefunga mdomo. Wajomba walikasirika. Mmoja alimwambia amekuja kula tu.

"Mufungule sanduku, nitalia," aliwajibu. "Mi sitangulie mutu. Ukimulilia mwenye iko muzima, unamuitia kifo. Mi sitafanya ile."

Alikaa hivyo siku mbili. Jeneza lilipofika na kufunguliwa, alichungulia, akarudi nyuma hatua moja, na sauti iliyomtoka ilinifanya nisahau kwamba nilikuwa nimeshika kikombe.

Nilihamia kwake Musonoie baada ya miezi michache. Nililala kwenye jiko la nje. Nilimchotea maji, nilimkatia kuni, na kwa malipo alinichukua kila mahali na kunitambulisha kwa sauti kubwa: "Huyu ni Ilunga wa Tenke, iko nakaa kwangu." Niliona ni majivuno yake. Nilielewa siku niliyosimamishwa kwenye kizuizi karibu na Kanina.

Walikuwa vijana saba au wanane. Mmoja alinishika kola.

"Jina?"

"Ilunga."

"Ilunga wa Katanga ao Ilunga wa Kasai?"

"Wa Katanga. Tenke."

"Bote banasema Tenke. Nani anakujua?"

Aliyeshika panga alikuwa ananitazama miguu, sijui kwa nini miguu, na nilijua kwamba nikijibu vibaya hakuna atakayeuliza tena. Ndipo kijana mwembamba aliyekaa juu ya tairi akainua kichwa.

"Muachilie. Ule ni mutu wa kilio. Alilia na sisi kwa kilio ya mama ya baba yangu, Kapata. Analia mubaya sana, lakini alilia."

Wakacheka, wakaniachilia. Nilitembea mpaka kona ya kwanza, nikakaa chini. Nilipomsimulia Mama Kilio aliendelea kuchambua mboga. Baadaye tu alisema, "Sasa unajulikana mitaa sita. Bado Luilu, kule balikuona mara mbili tu."

Nyumba za kampuni pale Musonoie zilijengwa mbilimbili, zimeshikana kwa ukuta mmoja. Upande wa pili wa ukuta wa Mama Kilio alikaa mfua chuma wa karakana ya kampuni, mtu mpole aliyetoka katika ukoo wa Kasai, na mkewe Ngalula. Miaka kumi na moja walipeana moto na chumvi juu ya uzio. Siku moja vijana walikuja wakamtoa mfua chuma pamoja na kitanda chake na cherehani, wakampeleka stesheni, ambako maelfu ya watu walikuwa wamelala nje wakingoja treni. Ngalula alikuwa na mimba ya siku zake za mwisho, hakuweza kutembea. Kiongozi wa vijana wale, kijana mrefu aliyevaa kofia ya chuma ya wachimbaji, alimpa siku mbili.

"Kisha tunaingia mu nyumba," alisema. "Na tukikuta kilulu mule, ni shida ya kilulu."

Kilulu ni mdudu. Ndivyo walivyowaita watu wa Kasai.

Stesheni watu walikuwa wanakufa kwa kuhara. Wanawake waliojifungulia pale chini walikuwa wanazikwa na watoto wao. Hilo kila mtu alilijua, na Ngalula alilijua kuliko sisi. Alikaa sakafuni kwake, akakataa kula.

Asubuhi ya siku ya pili Mama Kilio aliniita ndani na kufunga mlango.

"Ilunga, una ndugu gani hapa mujini?"

"Sina. We unajua, Mama."

"Na Tenke, mama yako?"

"Alikufa zamani."

"Basi hakuna mwenye ataumia." Alikaa juu ya kitanda, akaficha mikono chini ya mapaja. "Nataka unipe kufa kwako."

Nilifikiri nimesikia vibaya.

"Nitasema shimo ya Mutoshi imekufunika. Kule bachimbaji banafunikwa kila juma, hakuna mwenye anauliza. Maiti haitaonekana. Na kilio yenye haina maiti haina mwisho mpaka bachimbe. Tutajaza malupango yote mbili, yetu na ya Ngalula. Bamama batapika mu nyumba yake. Hakuna kijana mwenye ataingia na fimbo mu nyumba ya kilio. Mama yake atamulaani."

"Mama, we ulisema ukimulilia mutu muzima unamuitia..."

"Nilisema."

"Na mi nikikufa kweli?"

"Mi pia naogopa. Njo maana nakuuliza. Ukikataa, sitakuchukia."

Nilikubali, na si kwa ushujaa. Nilimwonea huruma Ngalula, hilo ni kweli. Lakini ndani yangu kulikuwa pia na kitu kingine, ule udadisi wangu usiokwisha. Nilitaka kujua nani atakuja kunililia.

Alinificha chumbani mwake, nyuma ya magunia ya makaa. Ngalula alilazwa upande wa pili wa ukuta, wanawake wawili wazee wa jirani wakakaa naye. Nilisikia matawi yakikatwa, kuni zikitupwa, kisha kimya. Mama Kilio alikuwa amesimama katikati ya ua. Nilingoja sauti yake, na haikutoka. Nilisikia pumzi tu, mara moja, mara mbili. Nikatumaini ameshindwa.

Kisha akaniita kwa jina.

Nimesikia mengi tangu siku ile, lakini sijasikia kitu cha kutisha kama hicho. Aliimba kwamba nilivaa viatu vya namba mbili tofauti. Aliimba kwamba niliuliza maswali mpaka chakula cha watu kikapoa, kwamba nilikuja juu ya behewa na nimeondoka chini ya ardhi. Nilijishika kifua kuona kama moyo unapiga. Watu wakaanza kuingia. Wanawake wa Kapata walikuja, waliosikia sijui namna gani. Mzee wa nyumba ya malori alikuja, akasema maneno machache ya dua kwa ajili yangu mimi nisiye Mwislamu. Nilikuwa nawasikia wote kupitia tundu la ukuta, watu niliowajua kwa mwaka mmoja, na kila aliyelia alikuwa mtu mmoja zaidi ambaye hataweza tena kusimama kwenye kizuizi na kusema namjua huyu, muachilie.

Saa nane mchana vijana walifika. Niliijua sauti ya yule wa kofia.

"Kilio ya nani?"

"Ilunga," alisema Mama Kilio. "Kijana mwenye alikuwa nakaa kwangu. Shimo imemufunika Mutoshi."

"Ule wa maulizo mingi?"

"Njo yeye."

Sauti ya kijana ikashuka. "Kila siku alikuwa ananiuliza hii kofia nilitoa wapi." Kisha sauti ikakaza. "Na nyumba ya Mukasai? Siku mbili imeisha."

"Bamama banapika mule. Ingia, toa masufuria ya kilio ku moto na mikono yako. Nitakungoja hapa."

Nilisikia chuma kikigusa ardhi: ameivua kofia. Akaletewa kiti, akakaa.

Ndipo uchungu wa Ngalula ulipoanza. Nilikuwa nimeegemea ukuta uleule, nikahisi kichwa chake kikigonga. Alikuwa amefumbwa mdomo kwa kikwembe, lakini mlio ulipita. Mama Kilio akaupandisha wake juu. Maumivu yakishuka, naye alishuka. Yakipanda, naye alipanda na wanawake wote pamoja naye, na wengi wao hawakujua wanafuata nini. Yule kijana alikuwa amekaa hatua chache tu kutoka mlangoni. Nililia pale nyuma ya makaa, kwa hofu, nikijiziba mdomo. Mambo yale yaliendelea mpaka jua likageuka upande wa pili wa nyumba.

Na katikati ya pumzi mbili za kilio, mtoto alilia. Sauti ya mtoto aliyezaliwa sasa hivi haifanani na nyingine.

"Mutoto gani ule?" aliuliza yule kijana.

Mama Kilio hata hakugeuka, walinisimulia baadaye. "Batoto ya kilio banalia njaa. We ulikuya mikono mitupu na batu yako yote hii. Kwenu ni vile banafundisha?"

Wanawake wakaguna. Kiti kikasogea. Kesho yake kijana yule alileta nusu gunia la unga, akaliweka mlangoni bila kuingia. Mpaka leo sijui kama alijua. Niliwahi kufikiri alijua. Siku nyingine nafikiri aliona haya tu mbele ya wanawake.

Asubuhi ya siku ya tatu Mama Kilio alinipa bukari iliyofungwa kwenye jani na kunitoa kwa nyuma. Hakunitazama. Alisema nisirudi, na nisimpe mtu yeyote jina langu mpaka nivuke Fungurume. Nilipita kwenye mabwawa ya mchanga wa viwanda kule Kingamyambo, ule uwanda mpana wa kijivu ambako hakuna mti wa kumficha mtu. Kabla ya siku zile niliogopa kukutana na wasionijua. Sasa niliogopa kukutana na yeyote anayenijua, maana akiniona mmoja tu, Ngalula amekwisha. Nilitembea nimeinama kama mwizi. Huko Tenke niliona treni ikipita, watu ndani, watu juu, watu wameshikilia milango. Nilitafuta nyuso, sikumwona Ngalula.

Miaka ilipita. Nimebeba magunia, nimeosha malori, nimeuza maji, sijakaa mahali zaidi ya mvua mbili. Mwene-Ditu, huko Kasai, nilimkuta mfua chuma. Alikuwa anatengeneza mashine ya kusaga mahindi, nywele zimekuwa nyeupe. Aliponitambua alishika mashine kwa mikono yote miwili.

"Bibi yangu Ngalula aliniambia," alisema. "Aliniambia ulikufa kwa ajili yake."

Mama Kilio aliwafikisha stesheni siku ya nane ya kilio, mama na mtoto, mfua chuma akiwa bado anangoja pale, na treni ikaja siku iliyofuata. Ngalula alishikwa na homa ndani ya behewa. Alikufa kabla ya Kamina. Treni iliposimama kidogo walimshusha, wakamfukia karibu na reli, treni ikapiga honi. Mtoto alikuwa hai. Alikuwa msichana wa shule sasa, ana meno makubwa, alikuwa anatutazama kutoka mlangoni.

Nilimuuliza nani alimlilia Ngalula.

"Tulikuwa tumechoka," alisema. "Hakuna mwenye alilia tena mu ile treni."

Kwa hiyo nilirudi Kolwezi. Nilifika mchana, nikauliza Mama Kilio yuko wapi, nikaelekezwa Kapata, kwenye kilio. Nilisimama nyuma kabisa, nje ya uzio. Alikuwa amepungua, amekaa kwenye kiti, sauti imekuwa nyembamba. Alikuwa anataja waliotangulia, kama wazee wafanyavyo, ili marehemu mpya awasalimie huko. Alitaja jina, wanawake wakaitikia, akataja lingine. Baada ya jina la mpishi wa kwa Wazungu alisema, "Ilunga wa Tenke." Wanawake wakaitikia. Hata wasichana ambao hawakuwa wamezaliwa wakati ule waliitikia.

Walipopumzika nilimfuata nyuma ya nyumba alikokuwa ananawa. Aliponiona hakupiga kelele. Alirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta.

"Uko mutu?" aliuliza.

"Ni mi, Mama. Sikukufa."

"Sema kitu chenye maiti haijue."

Sikujua maiti hawajui nini. Nikamwambia kwamba ana chawa wa kuku begani. Alitazama bega, akamwondoa, na polepole akakaa juu ya ndoo iliyogeuzwa.

"Kila kilio nataja jina yako," alisema. "Niliogopa kuacha. Bangeuliza. Na kila mara nikitaja nawaza, leo njo namuua kweli. Miaka yote hii." Akaniangalia viatu. "Na Ngalula? Hakuna habari hata moja."

Nilimweleza yote, nimechuchumaa mbele yake. Nilimwambia kuhusu mtoto kwanza, meno yake, shule yake, kisha nikamwambia kuhusu reli. Alisikiliza ameshika ncha ya kikwembe. Hakuuliza alizikwa upande gani wa Kamina. Aliuliza kitu kimoja.

"Bwana yake aliona maiti na macho yake?"

"Aliiona. Alimufunika yeye mwenyewe."

"Mi sikuiona."

"Hapana, Mama."

Walianza kumwita kutoka uani. Aliinuka kwa shida, akakataa mkono wangu, akatembea polepole akigusa ukuta. Nilimfuata hadi kwenye kona na kusimama pale, mahali ambapo yeyote angeweza kuniona.

Akaanza upya kutaja. Alipomaliza jina la mpishi alinyamaza. Wanawake walikuwa wamefungua midomo tayari kuitikia, wakangoja. Vikongwe wawili wa Musonoie, wale waliokaa na Ngalula siku ile, waliinua vichwa wakamtazama. Yeye alikuwa anavuta pumzi, mara moja, mara mbili.

"Ngalula," alisema. "Ngalula wa Musonoie."

Waliitikia wote, wale vikongwe wawili wakichelewa kidogo nyuma ya wengine. Kisha akaendelea na jina lililofuata, na hakuna aliyeuliza Ilunga amekwenda wapi.